Jina la Mwenye Nyumba

Kama umepita Homa Bay wiki hii na hujasikia habari ya Migori, basi hujakutana na mimi. Nimewaambia wanafunzi wangu wa chuo, nimemwambia mama anayeniuzia omena, nimewaambia hata vijana wa boda boda ambao walitaka tu nipande baiskeli twende. Sasa nimekaa chini niiandike kabla sijaiongeza chumvi, kwa sababu nikianza kuiongeza mtasema ni Ema na mambo yake. Hii niliiona kwa macho yangu mawili, Jumamosi, saa nne asubuhi, nikiwa sijakunywa hata chai.

Jina langu lote ni Emmaculate. Nafundisha kompyuta kwenye chuo kidogo, orofa ya juu ya duka la misumari na mabati. Tuna kompyuta sita na nne zinawaka. Mwezi wa sita mwaka huu wa tisini na tisa nilipata bahasha kutoka Japan. Ilitoka kwa Levis, tuliyesoma naye polytechnic Kisumu kabla hajapata skolashipu ya kwenda huko. Ndani kulikuwa na disketi mbili na karatasi moja. Aliandika hivi: "Ema, wacha Pascal kidogo. Jaribu hii inaitwa Ruby. Ni lugha ya kompyuta, imetungwa hapa hapa Japan, na nje ya hapa wanaoijua bado ni wachache sana."

Wachache sana. Mnaelewa vile hayo maneno yalinifanya? Mimi, wa Homa Bay, niko ndani ya wachache.

Nikaiweka kwenye mashine. Sasa sikilizeni. Kwa Pascal, lugha tuliyofundishwa, namba ni namba tu, imelala pale, wewe ndiye unaifanyia kila kitu. Kwa Ruby unaandika tatu, unaweka nukta, unaandika times, yaani mara, unaipatia kazi, na tatu yenyewe inaamka inafanya hiyo kazi mara tatu. Hata unaweza kuiuliza wewe ni nani, na inakujibu. Nilikimbia kumwita Mwalimu Nashon, ambaye anafundisha hesabu sekondari na hupenda kupitia chuoni kusoma gazeti letu la bure. Aliangalia skrini muda mrefu, mpaka nikafikiri amechoka.

"Emmaculate," akasema, "mimi nimeandika tatu ubaoni miaka kumi na tisa. Haijawahi kunijibu."

Kuanzia siku hiyo hakukosa Jumamosi hata moja. Wa tatu wetu ni Bravin, fundi wa redio pale karibu na stage ya matatu. Bravin alikuja kutengeneza printa yetu mwezi wa saba na mpaka leo hajaondoka.

Lakini sisi watatu wa Homa Bay tulikuwa kama watu wenye barua na hawana posta. Posta yetu ilikuwa Milka.

Milka tulilala chumba kimoja polytechnic. Ni Mkuria, ameolewa na Japheth, dereva wa lori la tumbaku, na anaendesha bureau ya simu mjini Migori, ndani ya jengo la baba mkwe wake, Mzee Gisiri. Ana vibanda viwili vya plywood ambamo watu wanapigia simu, kaunta, na kwenye kona kompyuta moja iliyofungwa modem, kisanduku cha kuiunganisha na laini ya simu. Hiyo modem ndiyo ilikuwa mlango wetu wote wa kwenda duniani. Levis alituandikisha kwenye orodha ya imeli ya watu wa Ruby, ambapo mtu mmoja akiandika, wote wanapata, awe Japan, awe Ujerumani, awe Texas. Barua zilikuwa zinaingia kwa Milka. Kila Ijumaa anaziprinti, anazifunga na kamba, anampa konda wa basi la kuja Homa Bay. Jumamosi asubuhi tunakaa watatu chuoni tunazisoma kwa sauti, moja baada ya nyingine, kama matangazo ya kanisa. Majibu yetu tunaandika na kalamu, halafu Jumatatu nampigia Milka simu namsomea, yeye anachapa na kutuma.

Hata programu tulikuwa tunamsomea hivyo hivyo kwa simu. Tulikuwa na majina yetu ya zile alama. Mabano yaliyojikunja tuliyaita masharubu. Vile vijiti vilivyosimama ni nguzo. Alama ya kufungua na kufunga maneno, Milka aliita pembe, na mimi naambiwa ukisimama nje ya chuo ukinisikia nikisema kwa simu "fungua masharubu, nguzo, mgeni, nguzo, funga pembe," unaweza kumwita mchungaji.

Tulibishana sana hizo Jumamosi. Bravin alisema mambo ya web ni ya lugha nyingine, Perl, na kwamba Ruby itakuwa imekufa kabla ya Krismasi. Mwalimu akamwambia, omera, ndugu yangu, hata redio walisema zitakufa televisheni ikija, na wewe mpaka leo unakula kwa redio. Bravin akasema anakula vibaya. Lakini kitu kilichotunyamazisha wote watatu si programu. Ni vile wale watu wa orodha wanavyoishi. Mtu anauliza swali la kijinga kabisa na hatukanwi. Mtu wa Hamburg aliomba msamaha kwa kuchelewa kujibu swali la mwenzake kwa sababu mke wake amejifungua, na watu wanane walimpongeza kwanza kabla hawajarudi kwa maneno ya kazi. Mwalimu alisoma hizo barua mara mbili. Akatoa miwani akaipangusa. Akasema kumbe hawa wana kijiji.

Basi na sisi tukataka boma letu kwenye hicho kijiji. Tukaamua tutengeneze kitabu cha wageni. Ni ukurasa wa intaneti ambao mtu yeyote, mahali popote, anaufungua, anaandika jina lake na salamu, anabonyeza, na programu yetu inapokea, inahifadhi, inaonyesha salamu zote. Levis alituombea nafasi kwenye kompyuta ya chuo chake kule Japan, kwa hivyo ukurasa ungekaa huko, lakini kila mstari ungetumwa kutoka Migori. Bravin alichora vile utaonekana. Mimi na Mwalimu tuliandika programu. Milka akalipata kosa lake.

Aliuliza, wageni wawili wakiandika kwa sekunde moja itakuwaje? Sisi hatukuwa tumefikiria. Tukajaribu na kompyuta mbili za chuo: mmoja alimfuta mwenzake kabisa, kama hakuwahi kuzaliwa. Milka akasema hata kwa kibanda cha simu, mtu akiingia anafunga mlango, anayefuata anasubiri nje. Akaandika kwenye orodha akiuliza vile mtu anaweza kufunga mlango kwa Ruby. Jamaa mmoja wa Sapporo, kule Japan, akamwonyesha, na mwishoni akaongeza kwamba swali hilo limemfanya aende aangalie programu yake mwenyewe, na amekuta haina mlango. Siku hiyo Milka alinipigia simu. Akanisomea hilo neno la mwisho mara mbili.

Wiki mbili baadaye akanipigia tena, na sauti ilikuwa tofauti. Japheth alikuwa amerudi safari na ujumbe kutoka kwa baba yake.

Hapa lazima nieleze, kwa wale ambao hawajui. Kwao Wakuria mke wa kijana na baba mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Hawasalimiani kwa mkono, hawakai benchi moja, na wakikutana njiani yeye Milka anatoka njiani anapita kwa nyasi. Hata kuongea wanaongea kupitia mtu. Sisi Wajaluo tuna heshima zetu za wakwe, lakini ya kwao naona ni nzito zaidi. Kwa hivyo Mzee Gisiri hakumwambia Milka kitu. Alimwambia Japheth, na Japheth akamwambia Milka: ile kompyuta itoke. Inashika laini ya simu wateja wakiwa wamepanga foleni. Inalia kama paka aliyekanyagwa. Kinyozi amepatikana wa kuchukua ile kona, ana vioo vyake tayari. Lakini hayo yote yalikuwa ya juu juu. Neno lenyewe lilikuwa kwamba watu wa mjini wanasema mke wa Japheth anajifungia pale na kuongea na wanaume wa nchi za nje, na hakuna anayejua anaongea nao nini wala kwa adabu gani.

Mzee angekuja Jumamosi aone kwa macho yake. Asipoona kitu chenye heshima, Jumatatu kinyozi analeta vioo.

"Ema," Milka akaniambia, "wakiitoa hii, mimi nitabaki mtu wa kushika saa tu. Nahesabu dakika za watu wakiongea, mpaka nizeeke."

Nilimwambia haitatoka. Nilimwambia hivyo vile mtu anasema akiwa hajui.

Tulikaa kikao siku hiyo hiyo. Bravin akasema tumwekee Mzee muziki. Mwalimu akamwangalia tu. Halafu akauliza, "Ukifika kwa boma la mtu unaanza na nani?" Tukasema unabisha hodi kwa mwenye nyumba. "Na kwa kitabu chetu mwenye nyumba ni nani?" Jibu lilikuwa wazi kama mchana. Jengo ni lake, laini ya simu ni yake, na hatukuwa tumemtaja popote.

Tukabadilisha programu. Juu kabisa ukurasa utasema Mwenyeji, halafu jina lake. Na kila salamu ya mgeni, programu itaitangulizia maneno "Hodi kwa", na jina lake tena. Jina lenyewe tutaliweka mahali pamoja tu, mstari wa kwanza, na sehemu zingine zote zitakuwa zinalisoma kutoka hapo. Tuliijaribu chuoni na ikatoka vizuri mpaka Bravin akapiga saluti.

Alhamisi nikamsomea Milka kwa simu. "Mstari wa kwanza. Mwenyeji, sawa na, fungua pembe, Mzee Gisiri, funga pembe."

Laini ikawa kimya. Nikafikiri imekatika.

"Milka?"

"Niko."

"Umeandika?"

"Lazima hiyo iwe hapo?"

"Hiyo ndiyo ya maana kuliko zote."

"Sawa. Mstari wa pili."

Na mimi, na diploma yangu, nikaendelea na mstari wa pili.

Jioni Levis akatangaza kwenye orodha kwamba wenzao wa Kenya, karibu na ziwa, wamefungua kitabu cha wageni kilichoandikwa kwa Ruby, na wanaombwa wapite kusalimu.

Jumamosi nilifika Migori mapema. Mzee Gisiri alikuwa ameshafika kabla yangu. Ni mtu mfupi, ana kofia ya kahawia na koti zito hata kukiwa na jua. Zamani alikuwa anakagua ng'ombe mnadani, anasoma alama zao za chuma, na hivyo ndivyo alivyoiangalia ile kompyuta: alizunguka nyuma, akaangalia waya, akarudi mbele, akakaa. Milka alikuwa ndani ya kibanda nambari mbili, ametupa mgongo, mlango umeachwa wazi kidogo. Kibanda nambari moja kulikuwa na mteja anaongea na Nairobi. Mimi nikakaa kwenye kibodi, katikati yao.

"Muulize kama tunaweza kuanza," Mzee akaniambia.

Milka alikuwa hatua nne kutoka hapo na alikuwa amesikia. Lakini nilivyogeuka na kumuuliza, ndipo akajibu. "Mwambie tunaweza." Na Mzee, ambaye naye alikuwa amesikia, akaningoja nimwambie. Ikawa hivyo. Kila neno lilipita kwangu. Mara ya kwanza niliona ni kuchelewesha kazi. Mara ya tatu nikashtuka, kwa sababu niliona ndiyo kazi ile ile programu yetu inafanya, inakaa katikati ya mtu na kitabu, inapokea huku inapeleka kule, na hakuna upande unaogusa mwingine.

Nikapiga namba ya Kisumu inayotuunganisha na intaneti. Modem ikaanza kulia.

"Hiyo ni nini?"

"Ni kompyuta mbili zinasalimiana, Mzee."

"Zinasalimiana muda mrefu."

"Zinaulizana habari za nyumbani."

Akatikisa kichwa kukubali. Hiyo aliielewa.

Ukurasa ukaanza kushuka pole pole, kipande kwa kipande. Kitabu cha Wageni. Migori, Kenya. Nilikuwa nimeona ukurasa huu mara hamsini chuoni, lakini huu sasa ulikuwa unatoka Japan, umevuka bahari umekuja kuniambia Migori. Halafu ikashuka ile sehemu ya Mwenyeji. Na mbele ya neno hilo hakukuwa na kitu.

Nikafikiri bado inakuja. Nikangoja. Salamu zikaanza kushuka, na zilikuwa saba. Watu saba walikuwa wameandika. Juu ya kila moja paliandikwa "Hodi kwa", halafu nafasi tupu, halafu maneno ya mgeni. Wale wageni hawajui Kiswahili, wangejuaje kuna kitu kimekosekana.

Nilianza haraka kumtafsiria Mzee zile salamu, nikitumaini macho yake yatafuata mdomo wangu. Yule wa Sapporo alisema kwao theluji imeanza kuanguka na anatamani kuona ziwa letu. Mama mmoja wa Texas aliuliza kama sisi pia tuna ng'ombe. Hapo Mzee alicheka kwa pua. Yule wa Hamburg alisema mtoto wake ana wiki sita na amelala kifuani pake wakati anaandika.

"Amesema mtoto anaitwa nani?"

"Hajasema, Mzee."

"Mh."

Halafu akanyoosha kidole, kidole cha mtu aliyezoea kuonyesha ng'ombe, akakiweka kwenye skrini, pale palipokuwa patupu.

"Na hapa?"

Nikasema ni kosa kidogo, ni mambo ya kuchapa. Nikageukia kibanda. "Milka, mstari wa kwanza ulifanyaje?"

Mteja wa kibanda nambari moja aliacha kuongea, na sijui mtu wake wa Nairobi alifikiri nini.

"Muulize," Mzee akasema, "mahali hapa palitakiwa kuwa na nini."

Nikauliza.

"Mwambie palitakiwa kuwa na jina la mwenye nyumba."

"Muulize kwa nini hakuna."

"Mwambie," Milka akasema kwa sauti ndogo, "Ema alinisomea. Sikuandika."

Hapo ndipo iliponijia. Alhamisi, ile laini kimya. Nilikuwa nimemwambia mke wa mtu alitaje jina la baba mkwe wake, jina ambalo kwao mke wa kijana halitamki kabisa, na nilimwambia ndiyo ya maana kuliko zote. Nilikuwa nimedhani kuchapa si kutaja. Nilitaka sakafu ifunguke. Kwa sababu yangu, kinyozi alikuwa ameshaingia na vioo vyake.

Mzee alitoa kofia akaiweka gotini. "Mwambie hii ni mashine tu. Haina masikio. Nani angemsikia?"

Nikamwambia.

"Mwambie ningeandika mara moja, nayo ingerudia mbele ya watu wote wa dunia, kila saa, hata nikiwa nimelala. Ningekuwa namtaja bila kupumzika."

Nimesoma programu karibu miaka minne na sijawahi kusikia mtu akiieleza vizuri hivyo.

Mzee Gisiri alisogeza kiti karibu na skrini. Akauliza kama ni Milka aliyechapa hayo mengine yote. Nikasema ni yeye, mistari mia moja na zaidi. Akauliza kama pengine popote ameruka. Nikasema hapana, ni hapo tu. Akapitisha kidole juu ya zile nafasi tupu, moja moja, kutoka juu mpaka chini.

"Njiani akiniona," akasema, na safari hii hakusema nimpelekee mtu, "anatoka, anapita kwa nyasi, halafu anarudi njiani mbele huko. Na hapa amepita kwa nyasi."

"Ndiyo, Mzee."

"Na hawa Wajapani hawakumlazimisha."

"Hapana."

"Wale wanaosema anaongea na watu wa nje bila haya," akasema, akiangalia mlango wa barabarani kama vile wamesimama pale, "hawajafika hapa wakaona."

Halafu akavuta mikono ya koti juu. "Jina langu mimi mwenyewe ninaweza kulitaja. Nionyeshe."

Nikafungua ile programu, mstari wa kwanza, nikaweka mshale katikati ya zile pembe mbili. Mzee akainamia kibodi. Alitafuta herufi M mpaka nikaumwa shingo. Alipoipata aliniuliza ni nani alipanga hizi herufi na kama alikuwa amelewa. Kwa ile Z, mama mmoja aliyekuwa anangoja simu alikuja akamwonyesha, na mwenzake akasema hapana, iko chini, na foleni yote ya simu ikahamia mgongoni kwetu. Hakuna aliyelalamika kuhusu laini. Milka kutoka kibandani alikuwa ananiambia, "Mwambie ashike ile ya herufi kubwa kabla ya kubonyeza," na mimi nilikuwa nimesahau kwamba napeleka maneno, yalikuwa yanapita tu.

Mzee Gisiri. Herufi kumi na nafasi moja. Nikaituma Japan. Nikafungua ukurasa upya.

Ukashuka. Mwenyeji: Mzee Gisiri. Halafu ile salamu ya Sapporo, Hodi kwa Mzee Gisiri. Ya Texas, Hodi kwa Mzee Gisiri. Ya Hamburg. Zote saba.

Mimi najua sababu. Mimi ndiye niliyeandika, na Mwalimu, kwamba jina likae mahali pamoja na sehemu zote zilisome kutoka hapo. Ningeweza kuichora ubaoni. Na bado ngozi ya mikono ilinisimama, kwa sababu mtu mmoja alikuwa ameandika jina lake kwa kidole kimoja mjini Migori, na watu saba waliomwandikia tangu juzi, kutoka pande zote za dunia, walikuwa wamegeuka kwa pamoja wakamtazama.

Mzee alikuwa anapumua kwa mdomo. "Hawa waliandika Alhamisi na Ijumaa," akasema.

"Ndiyo."

"Na jina nimeliweka sasa hivi."

"Ndiyo, Mzee."

Mama wa Z akasema polepole, kwa Kijaluo, kwamba Mungu anaona mengi.

Halafu Mzee akakunja uso.

"Muulize," akasema, "hawa wamebisha hodi. Nani amewaitikia karibu?"

Nikamwangalia. Nikaangalia skrini. Hakuna aliyewaitikia. Mwalimu Nashon, mimi, Bravin, na diploma zetu na saluti zetu, tulikuwa tumejenga mlango wa kubisha na hatukuweka mtu wa kufungua. Watu saba walikuwa wamesimama nje kwa siku mbili.

Nikamuuliza Milka. Nikasikia kitu ambacho sikuwa nimesikia wiki nzima, Milka anacheka, na mkono mdomoni. "Mwambie hatukufikiria."

"Mwambie mimi siwezi kuacha wageni nje kwangu," Mzee akasema. "Kila mmoja akaribishwe kwa jina lake. Na yule mwenye mtoto aulizwe mtoto anaitwa nani. Hiyo kazi itachukua muda gani?"

"Mwambie ya kukaribisha ni leo," Milka akasema. "Ya kuandikiana nao haina mwisho. Watakuwa wanakuja tu."

Mzee akavaa kofia. Akasema basi yule kinyozi atafute kona kwingine, hapa kuna wageni. Alisema vile mtu anasema mvua itanyesha. Akatoka nje, akasimama kwenye veranda, akaupa mlango mgongo ili mke wa kijana wake aweze kutoka.

Milka akatoka kibandani. Hakukalia kile kiti alichokuwa amekalia Mzee. Alivuta kingine, akakaa kando yangu, akafungua programu. Hakutaka nimsomee. Alienda moja kwa moja pale wageni wanapotolewa mmoja mmoja, fungua masharubu, nguzo, mgeni, nguzo, na akaandika karibu, na jina la mgeni, kwa mistari miwili tu. Simu zilianza tena. Mteja wa nambari moja alikuwa anamweleza mtu wa Nairobi mambo yote, na alikuwa ameshaongeza chumvi.

Kutoka veranda, bila kugeuka, Mzee aliuliza, "Muulize amefika wapi."

Nikamuuliza.

"Mwambie wote wameingia," Milka akasema, vidole bado vinakimbia. "Sasa niko kwa baba wa yule mtoto. Muulize anataka nimwandikie nini."